Saa ya Bi Zena

Mzee Kibwana Mhina, fundi baiskeli wa Barabara ya Mabatini, aliingia ofisini bila kubisha hodi, akavuta kiti, akaiweka spana yake juu ya meza na kukohoa kidogo. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayesubiri shikamoo yake, na Mwanamvua alimpa papo hapo.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutoa maoni. Si mmesema kila mtu atoe?"

"Kila mtu, mzee. Karibu sana."

"Basi andika. Barabara ikishajengwa upya, Zena muuza udi asipewe kibaraza. Anaringa."

Mwanamvua Shekiondo alikibana kicheko. Katika kazi yake ya kuratibu maoni ya wananchi alikuwa ameshasikia mengi. Yuko mtu aliyetaka mnazi wa jirani ukatwe kwa sababu unapiga kelele usiku, na yuko mwingine aliyetaka barabara ipindishwe ili mkwewe asiione nyumba yake. Jiji la Tanga lilikuwa likimpeleka kila mtaa uliokuwa na ubishi, naye hajawahi kurudi mikono mitupu. Aliijua kazi yake, na hakuona haya kujua kwamba anaijua.

"Anaringa vipi, mzee?"

"Hamwanzi mtu kwa salamu. Anapita mbele ya karakana yangu kila asubuhi, kichwa juu, kimya. Mie ni mkubwa kwake, nimeoa yeye bado anacheza mdako! Siku moja nikajishusha, nikamwambia, 'Zena, hujambo?' Unajua kanijibu nini? 'Marahaba, mwanangu.' Mwanangu! Mie! Mbele ya wateja!"

"Labda hakukusikia vizuri."

"Kengele za baiskeli zilikuwa zinalia, hilo sikatai. Lakini macho si anayo? Tangu siku ile sina salamu naye." Mzee Kibwana akaichukua spana yake. "Na mchoro wangu ni Mpana, halafu basi."

Michoro ilikuwa miwili. Mchoro Mpana ulivunja vibaraza vyote vya Mabatini, ukapanua njia za baiskeli za umeme, ukapanda miti katikati na kuyahamishia maduka kwenye soko la ghorofa nyuma ya barabara. Mchoro wa Vibaraza uliiacha milango pale pale ilipo, ukapiga marufuku magari ya mizigo na kutengeneza mitaro. Kipande cha mfano cha ule Mpana kilikuwa kimeshajengwa, kinaanzia ilipoishia karakana ya Mzee Kibwana, na watu walikuwa wakienda kupiga picha pale siku za Jumapili. Mwanamvua mwenyewe, ingawa kazi ilimkataza kusema, aliupenda Mpana. Ulikuwa msafi, umenyooka, na ulikuwa kimya. Katika maoni yaliyokusanywa, neno lililoongoza lilikuwa kelele. Watu wa Mabatini walisema wamechoka na kelele.

Lakini maoni ya mdomo peke yake hayakuwa yakitosha tena. Zamani mtaa ulijadiliwa kwenye mikutano ya hadhara, na mwenye sauti kubwa ndiye aliyeondoka na barabara. Ndipo ikaja Sheria ya Saa ya Mwenzio: hakuna anayepiga kura juu ya mtaa kabla hajavaa saa ya mtu mwingine wa mtaa huo huo.

Saa hiyo ilibebwa na joho, na joho lenyewe lilikuwa jepesi kama kanga iliyofuliwa sana. Mtoaji alilivaa akaenda zake, na nyuzi zake zikapokea kila kitu kilichompata ndani ya saa moja: mwanga uliofika jichoni, sauti iliyofika sikioni, uzito wa kila hatua, joto, harufu na mapigo ya moyo. Baadaye mpiga kura alikaa kwenye kiti ukumbini, akavaa joho jingine, na saa ile ikamjia mwilini imefupishwa, kiasi cha muda wa kunywa chai. Mtoaji hakutajwa. Mtambo ulioitwa Mpokezi ulifuta majina, nyuso na sauti zozote zilizomtaja, kisha ukaifunga saa na kuitia kwenye kura ya bahati. Hata Mpokezi mwenyewe, baada ya kufunga, hakujua tena ni ya nani.

Mratibu ndiye aliyezivaa zote kwanza, kuhakikisha hakuna mbovu. Alasiri ile, Mzee Kibwana alipokwisha kuondoka, Mwanamvua alikaa kitini, akavaa saa iliyofuata, na mara akahisi amefunikwa shuka la kijivu.

Aliona mwanga bila vitu. Doa la weupe lilipita kushoto, weusi ukapita kulia. Miguu ilikwenda, mizito, yenye maumivu kidogo gotini, na hakuna mtu popote. Palikuwa kimya. Moyo ulitulia bila sababu, ukaruka bila sababu, kisha mahali fulani ukaanza kupiga kwa hofu ambayo Mwanamvua hakuwahi kuionja tangu azaliwe. Alilivua joho kwa nguvu.

"Mpokezi, hii saa ni mbovu."

"Si mbovu, mratibu," Mpokezi alijibu kwa upole wake wa kuudhi. "Nyuzi zote zilifanya kazi. Nimefuta sauti nyingi kwa sababu karibu kila moja ilimtaja mtoaji kwa jina."

"Sauti gani hizo?"

"Nimeziweka katika fungu la kelele."

Sheria ilimruhusu mratibu kuivaa saa ghafi mara moja, pakiwa na shaka. Mwanamvua alikunja uso, akalivaa joho tena.

Safari hii mtaa ulikuwa umejaa watu. "Shikamoo Bi Zena!" ilitoka kushoto, kwa mshona viatu, na mguu ukajua kwamba mtaro uko mbele, ukapanda juu kidogo. "Bi Zena, umeamkaje?" ilitoka kulia, juu, dirishani kwa mama wa maandazi, na mwili ukasogea kushoto kukwepa meza yake. Kila mlango ulitoa sauti, na kila sauti ilikuwa na mahali pake. Macho hayakuona ila ukungu, lakini mwanamke huyu alitembea katikati ya barabara yenye baiskeli na mikokoteni akiwa ametulia kabisa, akijibu marahaba, marahaba mwanangu, marahaba baba, na moyo wake ukifurahi kila alipoitwa.

Kisha sauti zikakatika. Ilisikika spana ikigonga chuma, na moyo ukaanza kubana. Hapa mtu alipaswa kusema neno, na hakusema. Mguu ukasita hewani. Halafu, kwa chini, kwa hasira, sauti ya Mzee Kibwana: "Anaringa huyo." Na Mwanamvua, ndani ya mwili wa Bi Zena, alihisi moyo unashuka mahali pake kwa shukrani. Amefika kwa Kibwana. Ukingo uko hatua chache mbele, ashuke taratibu.

Alishuka kwenye kipande kipya. Lami laini ya mpira ikaumeza mlio wa viatu vyake, milango ikawa mbali, na hofu ile ikarudi, kubwa, mpaka ng'ambo.

Mwanamvua alikaa muda mrefu na joho mapajani. Alijisikia mjinga, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mtaa mzima ulilalamikia kelele, naye akalipokea neno hilo kama lilivyo, akampa Mpokezi, na Mpokezi akazitia salamu humo humo.

*

Duka la Bi Zena Mbaruku lilikuwa ng'ambo ya kile kipande kipya, chumba kimoja chenye harufu ya udi, asumini na mafuta ya halud hadi kwenye kizingiti. Bi Zena mwenyewe alikaa nyuma ya meza, mtandio umekaa sawasawa, akipanga chupa ambazo hakuwa na haja ya kuzitazama.

"Shikamoo, Bi. Mimi Mwanamvua, mratibu wa maoni."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa majoho. Kaa, kuna kigoda hapo kulia kwako."

Mwanamvua alikaa, akatafuta namna ya kuanza, na hakuipata. "Nimevaa saa yako," alisema. "Ile nzima."

Mikono ya Bi Zena ikasimama. Nje baiskeli ilipita, ikafuata nyingine.

"Macho yangu yana mtoto wa jicho kidogo," alisema. "Watu wa umri wangu wote wanao."

"Bi Zena, nimeivaa."

"Basi unajua," alisema. "Madaktari wameshanikatia tamaa. Hospitali zote kubwa nimekwenda, peke yangu, nikimwambia mwanangu nakwenda kununua bidhaa."

"Kwa nini ulitoa saa, kama hutaki ijulikane?"

"Kwa sababu mliahidi jina linafutwa. Nikasema, angalau mtu mmoja ajue. Asiwe wa hapa. Avae, ashangae, avue, aende zake." Alicheka kidogo. "Imekuwa wewe. Haya, umeshangaa?"

"Nimeogopa sana. Pale kwenye kipande kipya."

"Pale ni pabaya," Bi Zena alikubali. "Kwingine kote mie naona vizuri kuliko wewe."

Mwanamvua akamweleza kila kitu bila kupamba. Kura ilikuwa inaelekea Mpana, tena kwa mbali. Ukishinda, Mabatini yote itakuwa kama kile kipande. Saa yake ingeweza kuwafanya watu wafikiri upya, lakini ikiwa imefutwa haisemi kitu; kila atakayeivaa atadhani joho limeharibika. Na isipofutwa, kila mtu atamjua.

"Basi itupe," Bi Zena alisema upesi. "Nina mwana mmoja, Hamza, yuko Dodoma. Mwaka jana niliteleza bafuni, akaapa: nikianguka tena, au akiona dalili yoyote, anakuja kunichukua. Ameshanijengea chumba. Ni mtoto mwema, na hapo ndipo pagumu. Angekuwa mbaya ningemkatalia nikalala usingizi."

"Kwake ni kubaya?"

"Kwake ni kuzuri mno. Ukuta mrefu, geti, nyasi. Nilikaa wiki mbili, nikawa sijui hata mlango wa jikoni uko wapi. Nilikuwa natembea nimeshika ukuta kama mgonjwa. Hapa mie ni Bi Zena, nafungua duka langu, nafunga duka langu. Kule ningekuwa mzigo uliowekwa kwenye kiti."

Mwanamvua alikuwa amelifikiria jambo moja tangu jana yake, na sasa akalitoa. Jina si lazima lifutwe, laweza kubadilishwa. Mpokezi anaweza kuiacha kila salamu mahali pake, ila mahali pa jina la Bi Zena aweke jina la yule aliyevaa joho. Mtu atakayeketi kitini atasikia Mabatini yote ikimwamkia yeye, yeye akiwa haoni. Na saa ikatwe kabla ya kufika dukani, sauti yake ya kujibu na harufu ya udi viondolewe.

Uso wa Bi Zena ukachangamka. "Wewe mtoto una akili mbaya," alisema.

"Lakini sitakudanganya, Bi. Sauti za wanaosalimia zitabaki. Mtu akiisikia sauti yake mwenyewe, atakumbuka alikuwa anamwambia nani."

"Kibwana atajisikia?"

"Atajisikia."

"Tusi lake lile, usiliondoe." Bi Zena alitabasamu. "Tangu aliponinunia pale pana shimo. Siku asiponitukana, napotea."

Walikubaliana hivyo. Mwanamvua akamweleza haki yake ya mwisho: mtoaji anaweza kuiondoa saa yake wakati wowote kabla sanduku halijafungwa. Lakini ikiondolewa, kura za wote walioivaa zinafutika nayo, kwa sababu sheria haitaki mtu apige kura kwa jambo ambalo mwenyewe amelikana. Bi Zena akasema ameelewa, akampa pakiti ya udi, akakataa malipo.

*

Ukumbi wa kura ulikuwa jumba la zamani la sinema. Watu walikuja wakiwa wamevaa vizuri, kwa kuwa siku ya kura ni siku ya kuonana, wakakaa kwenye viti, wakavaa saa za wenzao. Mchuuzi wa matunda akavaa saa ya dereva wa lori, dereva akavaa ya mwanafunzi, na mwanafunzi akatoka akilalamika kwamba mgongo unamuuma wakati si wake. Vicheko havikukosekana.

Wale walioangukiwa na saa ya Bi Zena hawakucheka. Mwanamvua aliwatambua kwa namna walivyotoka: polepole, mkono ukipapasa mlango, halafu wakasimama barazani kuangalia barabara yao muda mrefu. Mshona viatu alirudi ndani kuuliza kama anaruhusiwa kubadili mchoro aliousifia jana. Aliambiwa ndiyo, ndiyo maana ya kuvaa.

Siku ya pili saa ile ilimwangukia Mzee Kibwana. Aliketi akijigamba kwamba yeye hashtuki, amewahi kung'atwa na nyoka. Mwanamvua alisimama karibu kuliko ilivyomlazimu. Aliuona uso wa mzee ukikunjuka kila alipoitwa kwa jina, aliona kichwa kikigeuka kushoto na kulia kwa furaha ya mtu anayependwa na mtaa wake. Kisha mabega yakapanda, kwa hiyo amefika kwenye karakana yake mwenyewe. Mguu wa mzee ulinyanyuka sakafuni ukabaki hewani. Ukakaa. Ukakaa tena. Halafu ukashuka, na machozi yakamtoka Mzee Kibwana hali macho ameyafumba.

Akavua joho. Akapangusa uso kwa kofia yake.

"Umenitega," alimwambia Mwanamvua kwa sauti ndogo.

"Mashine ndiyo iliyochagua, mzee. Mimi sikugusa."

"Nilijisikia mwenyewe nikitukana," alisema, "na moyo ukafurahi. Moyo ule ulifurahi, mwanangu! Ulinisubiri mie. Mtu mzima, mwenye mvi, ninamnunia mtu asiye..." Alijikatiza, akaangalia huku na huku kama mtu aliyebeba kitu cha thamani sokoni. "Sikusema neno. Hujanisikia."

"Sijasikia, mzee."

Akapiga kura yake, akatoka bila kuaga. Asubuhi iliyofuata Mwanamvua alipita Mabatini makusudi. Bi Zena alikuwa akija taratibu, kichwa juu. Alipoikaribia karakana, Mzee Kibwana aliiacha baiskeli ya mteja ikianguka, akasimama.

"Zena! Hujambo? Kibwana hapa! Nimemwaga mchanga mbele ya mlango, pita kwa kulia!"

"Sijambo, kaka Kibwana. Shikamoo," alijibu Bi Zena. "Leo huniambii naringa?"

"Unaringa," alisema mzee. "Ringa tu."

Watu walicheka, na Mwanamvua aligundua kwamba si Kibwana peke yake. Mshona viatu alikuwa anajitaja jina, mama wa maandazi anajitaja jina na kusema meza iko wapi, na hakuna hata mmoja aliyesema kwa nini. Walijua, wakanyamaza, kama watu wanavyolinyamazia jambo la ndani la mwenzao. Hofu ilimpanda Mwanamvua hata hivyo. Siri inayojulikana na mtaa mzima, hata ikifichwa kwa upendo, huwa ina miguu.

*

Hamza alifika siku ya mwisho, mchana, ndani ya gari la fedha lililojiendesha kutoka Dodoma. Alikuwa na haki ya kura kwa sababu nyumba ya Mabatini iliandikwa kwa jina lake na la mama yake. Alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyesalimia kila mtu kwa mikono miwili.

"Nitapiga kura, kisha nizungumze na mama," alimwambia Mwanamvua. "Ninataka tuondoke wote leo. Watu wameniambia anatembea siku hizi anaongozwa na kelele za majirani. Sijaelewa maana yake, lakini sijaipenda."

"Mama yuko pale nyuma, anasubiri zamu yake."

"Nimemwona. Yeye hakuniona, au amejifanya." Akaketi. "Haya, nivisheni."

Mwanamvua aliangalia kioo cha Mpokezi. Bahati ilikuwa imeshachagua, na alama ya saa iliyokuwa pale aliifahamu kama jina lake mwenyewe. Saa ya mama ilikuwa imemwangukia mwana.

Mpokezi hakujua. Ukumbini hakuna aliyejua ila yeye. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kurudia bahati, kitufe kilichowekwa kwa ajili ya majoho yaliyochanika. Akibonyeza, Hamza atavaa saa ya mchuuzi au ya mwanafunzi, Bi Zena atabaki na siri yake kwa leo, na hakuna kumbukumbu itakayosema vingine. Mwanamvua alitaka kubonyeza. Alimpenda yule mama. Lakini alikuwa amewaambia watu wote wa Mabatini kwamba hakuna mkono unaogusa bahati. Mzee Kibwana alilia mbele yake kwa kuamini hivyo. Zaidi ya hapo, nani alimpa yeye haki ya kumwamulia Bi Zena nini mwanawe ajue? Watu waliomwamulia mama huyu kwa mapenzi walikuwa wameshatosha.

"Nipe dakika," alimwambia Hamza, akaenda nyuma ya ukumbi, akachutama mbele ya Bi Zena.

"Bi, Mwanamvua hapa. Hamza kaangukiwa na saa yako."

Bi Zena hakushtuka, ila vidole vyake vilishika pindo la mtandio.

"Atanijua?"

"Sauti yake haimo kati ya wanaosalimia. Lakini ni mwanao."

"Atanijua," alisema Bi Zena. "Goti hili alilikalia akiwa mdogo."

"Ukisema iondoke, naiondoa sasa hivi, kwa wote. Ni haki yako, na hakuna atakayekuuliza."

"Na kura za wale walioivaa?"

"Zinafutika. Bila hizo, naona Mpana utashinda."

"Na wewe ungefanyaje?"

"Mimi siwezi kukuambia, Bi. Si kwa sababu ya sheria. Ni kwa sababu mimi naona."

Ukumbini mtu aliita zamu, mwingine akapiga chafya, mwingine akamwombea heri. Bi Zena aligeuza kichwa kufuata kila sauti, akizipanga mahali pake kama alivyozipanga chupa zake.

"Mie siku zote namwambia siogopi," alisema hatimaye. "Haniamini, kwa sababu naye anaogopa kwa niaba yangu. Sasa mwache akaone mwenyewe. Aone ninapoogopa na nisipoogopa. Mwache avae."

Mwanamvua alirudi, na kitufe hakukigusa. Alimvika Hamza joho, akasimama kando.

Hamza alikaa ametulia mwanzoni. Kisha akaanza kutabasamu, kichwa kikienda huku na huku, maana Mabatini yote ilikuwa ikimwita kwa jina. Ghafla mkono wake ulishuka, ukashika goti. Ukabaki pale. Midomo yake ilisema kitu kimoja bila sauti, neno ambalo kila mtoto hulijua kwanza. Hakuvua joho. Alipofika kwa Kibwana alisita, akashuka, na katika kile kipande kipya mtu mzima yule mwenye suti alianza kuhema kama anayezama, mikono imenyooshwa mbele. Mwanamvua alitaka kumvua. Hamza alitikisa kichwa, akamaliza mpaka mwisho.

Akavua joho. Aliomba maji, akanywa, akapiga kura yake bila kuangalia pembeni. Kisha akaenda nyuma ya ukumbi na kukaa kwenye kiti kilicho karibu na mama yake. Watu walijifanya kutazama kwingine. Hakuna aliyeondoka.

"Shikamoo, mama. Hamza hapa."

"Marahaba, baba. Umechelewa kula, nasikia tumbo lako."

"Nilikuja kukuchukua."

"Najua. Gari lako linanukia ngozi mpya mpaka humu ndani."

Hamza akaushika mkono wake, akauachia, kama hakujua tena kama anaruhusiwa. "Mama, ningekutengenezea chochote. Ningekuwekea sauti katika kila mlango, mashine ikuambie uko wapi. Unajua ningefanya."

"Ungefanya, mwanangu. Na hiyo mashine ingenichokoza? Ingeninunia?"

Hamza aliitazama mikono yake. "Pale baada ya kwa Mzee Kibwana. Nilidhani nitakufa."

"Umepaona."

"Nimepaona, mama."

"Basi huko kwako, Hamza," alisema Bi Zena taratibu, "kote ni pale."

Hamza aliinamisha kichwa mpaka kikagusa bega la mama yake, akalia bila kujificha. Bi Zena alimpigapiga mgongoni, kisha akamwambia inatosha, kuna watu. Akainuka, akamwomba Mwanamvua amsogezee sanduku, akapiga kura yake.

Mwanamvua alifunga sanduku. Hesabu ilikuwa bado haijasomwa, lakini aliijua mitaa, na alijua kwamba vibaraza vitabaki. Alifurahi, na hakuona sababu ya kuificha furaha yake. Alimwambia Mpokezi azitoe salamu katika fungu la kelele, hapa na katika kila mtaa utakaofuata, na Mpokezi alipouliza aziweke fungu gani, Mwanamvua alimwambia aziweke pamoja na taa na alama za barabarani.

Alipotoka barazani, mama na mwana walikuwa wameshaanza kwenda. Lile gari la fedha lilibaki limeegeshwa mbele ya ukumbi. Hamza alinyoosha mkono kumshika mama yake kiwiko, na Bi Zena akausukuma kando.

"Kaa nyuma yangu," alimwambia. "Na usiseme kitu, unanichanganya."

Hamza akakaa nyuma. Kutoka mlango wa kwanza mtu aliita jina lake na la mama yake, na Bi Zena akapiga hatua ya upande kuukwepa mtaro ambao mwanawe, mwenye macho mawili mazima, aliukanyaga.